Mzigo wa Guangzhou uje kwa ndege au kwa meli? Jibu kwa dada wa Dodoma

SWALI: "Habari za kazi. Nina duka dogo Dodoma, nauza mabegi ya shule, pochi za kina mama na vifaa vya simu. Mwaka huu nimeanza kuagiza mwenyewe Guangzhou kupitia WeChat badala ya kununua Kariakoo. Mzigo wa kwanza nilileta kwa ndege, saplaya aliniambia ni kilo 60 lakini nilipofika kulipa wakala akasema ni kilo 140. Nikalipa tu maana nilikuwa nautaka mzigo wangu, faida yote ikaishia hapo. Sasa ni mwanzo wa Septemba, nataka kuagiza mabegi 500 ya shule kwa ajili ya Januari, kava za simu 500 na pawabenki 100. Mtaji ni milioni 18 na sehemu yake ni mkopo. Mmoja ananiambia meli ni bei chee ila inachukua miezi na mzigo unaoza baharini. Mwingine anasema ndege ni wiki moja na haina kodi. Mwingine anasema achana na hao wote, tumia wakala wa bei moja mpaka mlangoni. Nimechanganyikiwa. Nilete kwa ndege au kwa meli? Na zile kilo 80 zilizoongezeka, niliibiwa?"

JIBU: Dada yangu, nianze na hizo kilo 80 maana naona ndo zinakuuma, na ukishazielewa nusu ya swali lako inakuwa imejijibu. Kwa maelezo yako inawezekana kabisa hukuibiwa. Ulichotozwa ni uzito wa nafasi, na huo kwenye ndege upo dunia nzima, sio China tu wala sio kwa huyo wakala wako tu. Kosa lao ni kwamba hakuna aliyekwambia kabla hujalipa, na walitakiwa wakwambie mapema kabisa.

Iko hivi. Ndege, iwe ya mizigo tupu au ile ya abiria inayobeba mizigo tumboni, ina vitu viwili vinavyoisha, uzito na nafasi. Mabegi ni mepesi lakini yanakula nafasi, ukiijaza ndege mabegi matupu inajaa mpaka mlangoni huku uzito bado uko chini kabisa na mafuta yamechomwa. Kwa hiyo wanapima vyote viwili alafu wanakutoza kile kilicho kikubwa. Ni kama ukipanda basi na godoro, konda hana habari na kilo za godoro, yeye anaangalia limekula nafasi ya watu wangapi. Kanuni yake ni hii: chukua boksi, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000, jibu ndo kilo za nafasi. Kampuni za vifurushi vya haraka kama DHL zenyewe zinagawanya kwa 5,000, yaani kilo zinakuwa nyingi zaidi.

Sasa chukua boksi la kawaida la mabegi, sentimita 70 kwa 50 kwa 40. Ukizidisha unapata 140,000, gawanya kwa 6,000 unapata kilo 23 na kidogo. Kwenye mzani boksi hilo hilo lina kilo 10. Maboksi sita kwenye mzani ni kilo 60, kwa nafasi ni kilo 140. Unaona? Namba zako zimeangukia hapo hapo, ndo maana nasema inawezekana hukuibiwa. Saplaya alikutajia kilo za mzani maana yeye hausiki na usafiri, na wakala akahesabu anavyohesabu siku zote. Ila kaitafute ile karatasi uliyopewa uangalie vipimo vilivyoandikwa, kama maboksi bado yapo stoo yapime na futi kamba mwenyewe. Kama vipimo vya karatasi ni vikubwa kuliko boksi ulilonalo mkononi, hapo una hoja na unaruhusiwa kudai.

Kwenye meli hesabu inageuka. Meli nayo inalinganisha uzito na nafasi lakini kipimo chake ni CBM, yaani mita moja mraba ya chini kwa mita moja kwenda juu, na CBM moja inaruhusiwa kuwa na uzito mpaka tani moja ndo uanze kulipia uzito. Kwenye ndege CBM hiyo hiyo inahesabiwa kama kilo 167 tu. Kwa hiyo mtu wa marumaru za Foshan au wa vipuri vya chuma analipia tani zake hata kwa meli, lakini wewe wa mabegi, meli haina shida kabisa na uzito wako, unalipia nafasi tu na nafasi ya meli ni rahisi. Maboksi yako yale sita ni CBM 0.84. Basi.

Tufanye hesabu ya mzigo unaotaka kuleta sasa. Bei za usafiri zinapanda na kushuka kila wiki, kwa hiyo nitaweka namba za kufanyia hesabu tu, we ukipata bei halisi uzibadilishe: tuseme ndege dola 11 kwa kilo, meli dola 400 kwa CBM, begi moja kiwandani dola 4, na boksi moja linaingia mabegi 25. Mabegi 500 ni maboksi 20, hiyo ni CBM 2.8. Kwa meli ni dola 1,120, kila begi limebeba dola 2 na senti 24 za usafiri. Kwa ndege maboksi 20 ni kilo za nafasi kama 467, hiyo ni dola 5,133. Umesafirisha mabegi ya dola 2,000 kwa dola 5,133! Kila begi limekula dola 10 za ndege peke yake, na hapo hujagusa kodi, hujalipa lori la Dodoma, hujala. Hakuna mzazi atakayekununulia begi hilo Januari akiwa na ada na sare mkononi.

Sasa angalia kava. Boksi la kava linaweza kuwa dogo, 40 kwa 40 kwa 30, nafasi yake ni kilo 8 lakini mzani unasoma kilo 18 maana limeshiba, kwa hiyo unalipia mzani. Kilo 18 mara dola 11 ni dola 198, gawa kwa kava 500 ni kama senti 40 kwa kila moja. Hilo linabebeka. Kwa meli ingekuwa senti 4, ni kweli bado meli ni rahisi kwa karatasi, ila kava ina tabia ya kufa. Simu mpya ikitoka watu wanataka kava zake wiki hiyo, na ile ya simu ya mwaka juzi inabaki ukutani mpaka uitoe kwa bei ya hasara. Begi la shule la Septemba ni lile lile Januari. Alafu kava za ndege ukiziuza zikaisha unaagiza tena, hela imezunguka mara mbili au tatu wakati ya meli bado iko majini.

Ndo maana mi huwa sikubali swali la "ndege au meli" kwa oda nzima. Kila bidhaa ina jibu lake, na linatoka kwenye vitu viwili, boksi lake likoje na tarehe gani lazima liwe dukani. Jibu lako fupi ni kwamba mabegi yaje kwa meli, kava zije kwa ndege, na pawabenki nitakuja nazo mbele maana zina habari yake.

Kuhusu mkopo, najua unawaza hela kulala miezi mitatu baharini huku riba inatembea. Ni wasiwasi wa haki kabisa lakini uupigie hesabu badala ya kuuogopa tu. Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi, miezi mitatu ni asilimia 9. Kwenye begi la dola 4 hiyo ni senti 36. Kwa ndege ungeongeza dola 8 kwa kila begi ili uokoe hizo senti 36. Kinachokuumiza kweli kwenye mkopo ni ratiba ya marejesho, kama benki au kikoba wanataka rejesho kila mwezi kuanzia Oktoba, hela hiyo usiitoe kwenye mzigo ambao haujafika, itenge kabisa kabla hujamlipa saplaya.

Haya, tuje kwenye muda, maana hapa ndo watu wanaumia zaidi. Anayekwambia ndege ni wiki moja amehesabu ndege tu. Ndege yenyewe ni masaa. Kinachokula siku ni godauni la Guangzhou, mzigo unapokelewa, unapimwa, unasubiri wenzake ukusanyike, unatafutiwa nafasi, mara nyingi unashukia katikati kubadilisha ndege, alafu ukifika Dar kuna forodha. Mi ukiniuliza nakwambia panga wiki mbili mpaka tatu, ukifika ndani ya wiki moja ushukuru. Na ukikutana na atakayekwambia meli ni siku 28, naye amehesabu meli ikiwa inatembea tu. Wewe hujai kontena, unaingia kwenye kontena la kuchangia, kwa hiyo mzigo unasubiri mpaka kontena lijae, kisha lipate meli, na meli nyingi zinapita bandari nyingine kama Singapore au Colombo na hapo kontena linaweza kuhamishiwa meli nyingine. Ukifika Dar kontena linapelekwa bandari kavu, linafunguliwa, kila mtu anatoa chake. Tangu mzigo uingie godauni mpaka uushike, panga siku 50 mpaka 70.

Kwako wewe kuna kitu kingine cha China cha kuangalia sana. Kuanzia tarehe 1 Oktoba wana sikukuu ya taifa, wanafunga wiki nzima, viwanda, magodauni, madereva, wote. Mabegi yasipoingia godauni kabla ya tarehe 28 Septemba hivi, hesabu yanaingia baada ya tarehe 10 Oktoba na yatakuta foleni ya wenzako wote waliochelewa. Saplaya akikwambia anashona siku 20, na leo ni mwanzo wa Septemba, unaona jinsi ulivyobanwa. Ukituma malipo ya awali wiki hii mzigo unaweza kuondoka kwenye nusu ya kwanza ya Oktoba, ukafika Dar katikati au mwisho wa Novemba, ukatoka mwanzoni mwa Desemba, na wewe una wiki kama tatu za akiba kabla ya msimu wenyewe ambao ni kuanzia baada ya Krismasi mpaka shule zinafunguliwa. Ukianza kubishana bei mpaka Oktoba, meli imekupita, na hapo nitakwambia ukweli, usilazimishe, nunua Kariakoo msimu huu na uagize mapema mwakani. Kumbuka pia mwakani ukitaka mzigo wa Machi au Aprili, mwaka mpya wa Kichina unaangukia mwisho wa Januari au Februari na kule viwanda vinafunga muda mrefu kuliko Oktoba, wafanyakazi wanarudi vijijini kwao na wengine hawarudi kiwandani.

Watu wengine watakutisha na habari za Bahari ya Sham na Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen walioshambulia meli. Meli za kutoka China kuja Dar hazipiti kule, zinapita mlango bahari wa Malacca zinakatiza Bahari ya Hindi. Kilichotugusa sisi tangu mwisho wa 2023 ni kwamba meli za Ulaya zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zao zikawa ndefu, meli na makontena yakawa adimu na bei ikapanda hata kwenye njia yetu. Kwa hiyo bei uliyoambiwa na mwenzako mwaka jana usiitumie kupanga mzigo wa leo.

Hilo la mzigo kuoza baharini lina ukweli wake ila sio kama unavyosimuliwa. Maji ya bahari hayaingii kwenye kontena lisilo na tundu. Kinachoharibu ni jasho la kontena. Hewa yenye unyevu inafungiwa ndani Guangzhou, mchana bati linachemka usiku linapoa, maji yanatengenezwa juu ya dari kwa ndani yanadondokea maboksi. Boksi likifunguliwa unasikia harufu ya uvundo kabla hujaona kitu, alafu unakuta ukungu mweupe kwenye mikanda na zipu zimeanza kushika kutu. Mabegi ya nailoni yanavumilia, pochi za ngozi na zile za ngozi bandia ndo zinakufa. Dawa yake ni ya bei ndogo sana na inafanyika kiwandani: kila begi ndani ya mfuko wake wa plastiki uliofungwa, vipakiti vya kukausha unyevu ndani ya kila boksi, na boksi zima livalishwe plastiki kwa ndani. Mwambie saplaya akupigie picha boksi likiwa wazi kabla halijafungwa. Kama anakataa kupiga picha hiyo na hela hujamaliza kulipa, usimalize.

Kwenye kufunga hapo hapo kuna hela nyingine ya kuokoa. Mabegi ya shule viwanda vinapenda kuyajaza makaratasi yasimame vizuri, unalipia makaratasi kutoka China mpaka Dodoma. Waambie watoe makaratasi, wayalaze, yale madogo ya chekechea yaingie ndani ya makubwa. Boksi lililokuwa linaingia 25 linaweza kuingia 35 na CBM zako zikashuka vizuri tu. Pochi usizibane hivyo, zikipata mkunjo wa mwezi mzima mkunjo hautoki.

Tuje kwenye "ndege haina kodi". Sio kweli, dada, na ukiamini hivyo utaumia. Kodi inafuata bidhaa, haifuati chombo. Bidhaa zilizokamilika kwa kawaida ziko kwenye ushuru wa forodha wa asilimia 25, na tangu Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki ziliweka kundi la juu la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa, kwa hiyo kundi la mabegi yako hasa lithibitishwe kwa namba yake ya forodha, mabegi yanaanzia na 4202. Juu ya hapo kuna VAT asilimia 18 ambayo inapigwa kwenye thamani pamoja na ule ushuru, na tozo nyingine ndogo ndogo. Huyo aliyekwambia haina kodi inawezekana alimlipa wakala bei moja ambayo kodi ilikuwa ndani yake.

Ila kuna kitu kimoja cha kweli ambacho wengi hawakijui. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasema mzigo wa baharini ushuru unapigwa kwenye bei ya bidhaa pamoja na nauli na bima, lakini mzigo wa ndege nauli haijumlishwi kwenye thamani ya kupigia ushuru. Kwa mabegi yako, tuseme ushuru ni asilimia 25, kwa meli unapigwa kwenye dola 3,120, ni dola 780, na kwa ndege kwenye dola 2,000, ni dola 500. Umeokoa 280 kwenye ushuru na umeongeza 4,013 kwenye nauli, kwa hiyo haibadilishi jibu la mabegi. Lakini kwa kava na vitu vidogo vya thamani inasaidia, na ejenti wako wa forodha akileta makadirio ya mzigo wa ndege muulize nauli imewekwa wapi, nimeona watu wanalipa ushuru juu ya nauli ya ndege kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Sasa pawabenki. Hapa naomba unisikilize vizuri. Pawabenki kwa sheria za anga inahesabika kama betri ya lithiamu inayosafiri peke yake, na tangu Aprili 2016 betri za namna hiyo ni marufuku kubebwa kama shehena kwenye ndege za abiria. Kwenye ndege ya mizigo zinaruhusiwa zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, zimefungwa kitaalamu, zimetangazwa kwenye karatasi. Wapo watakaokwambia "tutazichanganya na nguo hakuna atakayejua". Usikubali. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilishika moto muda mfupi baada ya kuondoka Dubai, ikaanguka, marubani wote wawili wakafa, na uchunguzi ukaelekeza kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Ni watu wawili waliokuwa kazini tu. Mbali na hilo, zikikamatwa Guangzhou mzigo wako wote unazuiliwa na kava zako humo humo. Hata kwenye meli pawabenki zina masharti yake na usizifiche. Kwa pawabenki 100, ushauri wangu ni nunua Kariakoo kwa aliyeziingiza kwa utaratibu. Faida utakayoikosa ni ndogo kuliko kichwa kitakachokuuma. Chaja nazo, maana ni kifaa cha umeme, uliza TBS, shirika la viwango, kwanza kuhusu cheti cha ubora kinachotolewa kabla mzigo haujaondoka China, usije ukapata kesi hapa Dar.

Na mabegi yenyewe angalia picha zake. Mabegi ya shule yenye katuni maarufu au nembo za kampuni za viatu yanauzika sana najua, lakini kama saplaya hana ruhusa ya kutumia picha hiyo ni bidhaa bandia, na FCC, ile tume ya ushindani inayopambana na bidhaa bandia, wanazikamata. Kwenye kontena la kuchangia hilo ni baya mara mbili, maana mzigo wa mmoja ukileta tatizo kontena zima linaweza kusimama, wewe na mabegi yako halali mnasubiri. Kwa hiyo muulize wakala kabisa kwenye kontena lake anachanganya bidhaa gani.

Huyo wa bei moja mpaka mlangoni siwezi kukwambia ni mbaya, Kariakoo nusu inaishi kwa hao, na kwa mtu wa CBM 2.8 mara nyingi bei yao inashinda kufanya mwenyewe maana ada za kutoa mzigo mdogo hazipungui sana. Wana faida ya kweli. Lakini muulize swali moja, mzigo wangu unatolewa kwa jina la nani? Ukitolewa kwa jina lake na wewe ukabaki na risiti ya mkono tu, siku afisa wa TRA, mamlaka ya mapato, amekuja dukani anataka nyaraka za uingizaji wa mabegi haya hutakuwa na cha kumwonyesha, na kwenye hesabu za mwisho wa mwaka manunuzi yako hayana ushahidi. Tafuta ambaye atakupa nakala ya TANSAD, yaani tamko la forodha la mzigo, yenye TIN yako, namba yako ya mlipa kodi, au angalau risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya huduma pamoja na invoisi ya saplaya. Bei yake inaweza kuwa juu kidogo, lipa.

Saplaya naye anaweza kukwambia "nitakulipia meli mpaka Dar, bei yangu imejumlisha". Kwenye mzigo wa kuchangia jihadhari na hiyo. Nauli ya baharini inaonekana kama ya bure, alafu ejenti wa upande wa Dar ambaye hukumchagua wewe anakusubiri na orodha ya ada, ada ya nyaraka, ya kufungua kontena, ya kushusha, na huna namna maana mzigo uko kwake. Ni salama zaidi saplaya akufikishie kwenye godauni la wakala uliyemchagua mwenyewe Guangzhou, basi, kazi yake imeishia hapo. Kila boksi liandikwe alama yako, jina na namba ya simu, pande mbili.

Bima kata. Machi 2021 ile meli ya Ever Given ilipokwama mfereji wa Suez siku sita, mwenye meli alitumia sheria ya zamani ya bahari inayosema gharama ya kuokoa meli wanagawana wote wenye mizigo, na mamlaka ya mfereji nayo ikaizuia meli mpaka Julai. Mtu ambaye boksi lake halikupata hata mkwaruzo alitakiwa achangie ndo apewe. Mwenye bima, kampuni yake ya bima inasimama badala yake. Kwa mzigo wa dola 2,000 bima ni hela ndogo sana ukilinganisha na usingizi wako. Kwa mawakala wa bei moja uliza kwa maandishi, boksi likipotea mnalipa nini? Wengi wanalipa kwa kilo au wanarudisha nauli tu, sio thamani ya mzigo.

Pia usitume mabegi yote 500 rangi moja kwa matumaini. Tuma kama 400 kwa meli sasa, hela ya yale 100 ikae. Desemba katikati ukiona kuna aina inakimbia, unaongeza kwa kununua Kariakoo, au kama tofauti ya bei inakubali, boksi mbili tatu zilizobanwa vizuri kwa ndege. Ndege kwa begi inaruhusiwa hapo tu, unapoongezea kitu ambacho tayari unajua kinauzika na wateja wako wanakiulizia.

Kuna sehemu ambazo mimi kuandika hapa haitoshi. Nenda ofisi ya TRA hapo hapo Dodoma na picha ya begi na maelezo yake, waulize kundi la ushuru, hawakulipishi kuuliza. Ejenti wa forodha mtafute mwenye leseni na umwonyeshe invoisi na orodha ya maboksi kabla hujatuma hela ya mwisho China, sio baada ya meli kufika. Na siku mzigo wako ukifika CBM 13 au 15, usiendelee kuchangia kontena kwa mazoea, kaa na ejenti ana kwa ana mpige hesabu ya kontena zima la futi 20, lina CBM 33 kwa ndani ingawa za kupangika vizuri ni 26 mpaka 28, maana kuanzia hapo mara nyingi kontena lako peke yako linakuwa rahisi na hakuna wa kukuchelewesha.

Kwa leo mwandikie saplaya wako WeChat, muombe vipimo vya kila boksi, urefu upana kimo, kilo za jumla, idadi ya mabegi ndani, na tarehe atakayofikisha godauni. Akikujibu tarehe ya kabla ya 28 Septemba, mlipe ya awali. Akikwambia Oktoba katikati, muulize kama anayo tayari stoo rangi zozote, maana viwanda vingi vya mabegi huwa vina mzigo uliobaki wa oda za watu wengine, na huo hausubiri kushonwa.